Kweli au si kweli? Takwimu za pamoja na watoto mahututi wa Johannesburg

Kuanzia Chris Hani Baragwanath kule Soweto hadi Nelson Mandela Children's Hospital kule Parktown, kitanda cha mtoto mahututi hakipatikani kirahisi. Hospitali zikiunganisha taarifa zao, tutarajie nini?

"Alama ya hatari humwambia daktari mtoto yupi anyimwe kitanda."
SI KWELI. PIM3, alama ya aina hiyo ya mwaka 2013, hukadiria hatari ya kifo kwa vipimo vya saa ya kwanza ya huduma ya mahututi: shinikizo la damu, mboni za macho, mashine ya kupumulia, aina ya ugonjwa. Kazi yake ni kupima wodi: je, wanaofariki wamezidi idadi iliyotarajiwa? Hatima ya mtoto mmoja huamuliwa na madaktari wanaomhudumia, pamoja na wazazi wake.

"Kilichofaa London kinafaa Soweto."
SI KWELI, hadi kihakikiwe. PIM3 ilitokana na watoto wa Uingereza, Ireland, Australia na New Zealand. Lakini Soweto VVU, kifua kikuu na utapiamlo ni vingi zaidi.

"Kisichopimwa hakiharibu hesabu."
SI KWELI. Nesi asipommulika mtoto machoni kwa tochi na kuandika alichokiona, PIM3 huzihesabu mboni kuwa za kawaida. Mtoto aliye taabani anaonekana ana nafuu, na akifariki lawama huiangukia wodi.

"Sheria inakataza kushirikishana taarifa."
SI KWELI. POPIA, sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutekelezwa kikamilifu Julai 2021, inazilinda kwa uzito wa pekee taarifa za afya na za watoto, lakini inaruhusu utafiti wenye manufaa kwa umma, mradi siri ya mgonjwa ilindwe.

"Takwimu za hospitali nyingi zinaweza kupindua tiba iliyozoeleka."
KWELI. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011 uliwafuatilia watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania zisizo na huduma ya mahututi. Waliomiminiwa maji ya mshipani kwa haraka, takriban 11 kati ya 100 walifariki ndani ya saa 48, wasiomiminiwa, 7. Tofauti hiyo daktari mmoja asingeiona katika wodi yake. Ilionekana hospitali sita zilipopima na kuandika kwa utaratibu mmoja, na watoto wa Johannesburg wanastahili uangalifu huohuo.