Mwenye Deni Asijifiche: Mpango wa Malipo wa Kadi za Mkopo Huko Marekani

Mwezi wa Rajabu uliopita tulipokea barua ndefu kutoka mji wa Columbus, Marekani. Mwandishi wake ni kijana aliyesoma chuoni kwetu tangu alifu hata akakhitimu, na leo ana mke na watoto watatu huko ugenini. Baada ya salamu alituandikia neno lililotusikitisha: aliomba kupanga nyumba kubwa zaidi, akakataliwa, kwa kuwa mwenye nyumba alitazama daftari la mikopo yake akaona doa. "Mwalimu," aliandika, "wenzangu msikitini waniambia kwamba nimejiharibia jina mwenyewe nilipokubali mpango wa benki wa kulipa kidogo kidogo. Je, ni kweli?"

Sisi si watu wa benki. Elimu yetu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi, na kadi ya mkopo hatujapata kuishika mkononi. Lakini swali la mtoto wako haliachwi bila ya jibu. Basi tulimwuliza mwanafunzi wetu mwingine afanyaye kazi ya hesabu huko huko Marekani, tukamsumbua kwa simu siku nyingi. Twayaandika hapa tuliyoyafahamu, kwani nyumba nyingi za wasomaji wetu zina mtoto au ndugu aishiye nchi hizo.

Kadi ya mkopo huwa na kikomo. Mtu hununua kwayo, na mwisho wa mwezi huletewa hesabu. Akilipa yote kwa wakati, kwa kawaida hatozwi riba juu ya aliyoyanunua. Akibakiza, riba huanza, nayo katika miaka hii imepindukia asilimia 20 kwa mwaka katika kadi nyingi. Hukumu ya riba wasomaji wetu waijua, na hatukusudii kuipamba. Walakini aliyekwisha tumbukia kisimani hutupiwa kamba kwanza.

Yako huko makampuni matatu makubwa, Equifax, Experian na TransUnion, yanayoandika khabari za madeni ya kila mtu. Kutokana na madaftari hayo hufanywa alama, na mashuhuri ni zile za FICO zilizoanza mwaka 1989, ambazo kwa kawaida huanzia 300 na kuishia 850. Kiasi cha asilimia 35 ya alama hizo hutokana na jambo moja tu: je, mtu hulipa kwa wakati? Asilimia 30 nyingine hutazama kiasi anachodaiwa, khasa kikilinganishwa na kikomo cha kadi zake. Yaliyobaki ni madogo kuliko hayo. Wapangishaji wengi wa nyumba na wauzaji wa magari kwa mkopo huyatazama madaftari hayo kabla ya kusema ndiyo au la.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe. Mtu akipatwa na maradhi, au akipunguziwa kazi, aweza kuipigia simu benki yake na kueleza shida. Benki nyingi zina mpango wa malipo kwa wenye shida, ingawa si zote zinazoutangaza: hupunguza riba kwa muda, husamehe faini za kuchelewa, au hushusha malipo ya mwezi. Tuchukue mfano. Mtu adaiwa dola 4,000 kwa riba ya asilimia 24. Kila mwezi riba peke yake ni kama dola 80; akilipa dola 100, deni lapungua dola 20 tu. Benki ikikubali kushusha riba iwe asilimia 6, riba ya mwezi huwa dola 20, na zile dola 100 zapunguza deni kwa dola 80. Mtu ni yule yule na fedha ni zile zile.

Je, mpango huu huharibu jina? Jibu tulilopewa ni kwamba kuingia katika mpango, peke yake, hakupunguzi alama. Benki yaweza kuandika daftarini kwamba hesabu hii inalipwa kwa mpango, na maneno hayo FICO haiyahesabu kuwa kosa, ingawa mtu anayelisoma daftari kwa macho aweza kuyaona. Anayelipa kila mwezi kama walivyoagana, naye hakuwa amechelewa tangu hapo, huendelea kuandikwa kuwa ni mlipaji.

Lakini tusifiche upande wa pili. Aghalabu benki huifunga kadi au huisimamisha wakati wa mpango, au hukishusha kikomo chake. Hapo ndipo alama huweza kushuka kwa mlango wa nyuma. Yule wa dola 4,000, ikiwa ana kadi mbili, kila moja na kikomo cha dola 8,000, ametumia robo ya kikomo chake chote. Benki ikiishusha ile yenye deni hadi dola 4,000, atakuwa ametumia theluthi. (Waliosoma mirathi kwetu hawatahitaji karatasi kwa hesabu hiyo.) Hakukopa hata senti moja zaidi, na alama zake zaweza kupungua. Hata hivyo upungufu huo huponyeka kadiri deni linavyolipwa.

Doa la kuchelewa silo hilo. Malipo yakipita siku 30 bila ya kulipwa, benki huweza kuyapeleka kwenye madaftari, na yakiandikwa kwa haki hukaa humo miaka saba. Zikipita siku 60 doa huwa zito zaidi, na kwa kawaida zifikapo siku 180 benki huandika deni hilo vitabuni mwake kuwa ni khasara. Mdaiwa hasamehewi kwa hayo, bali mara nyingi deni huuzwa kwa wakusanyaji wa madeni.

Tulimwuliza kijana wetu: ulikaa muda gani kabla ya kuipigia simu benki? Akakiri kwamba alikaa miezi miwili. Saa za kazi zilipunguzwa wakati wa baridi, naye akawa azitia bahasha za benki katika droo bila ya kuzifungua, huku akiendelea kumpelekea mama yake Tanga fedha zile zile za kila mwezi asije akashuku. Basi doa aliloliona mwenye nyumba ni la siku zile 60 za kunyamaza, nalo lilitangulia mpango. Wenzake wa msikitini wamemhukumu mtu asiyekuwa na kosa.

Aya ya 280 ya Suratul Baqara yaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula, na ya 282 yaamrisha deni liandikwe. Benki haikutoa muhula kwa ajili ya Aya, hilo twalijua. Lakini Mwislamu akipewa muhula na aufuate kwa maandishi. Aulize kabla ya kukubali: riba itakuwa ngapi na kwa miezi mingapi, kadi itafungwa au la, daftarini kutaandikwa nini, na akikosa mwezi mmoja itakuwaje, kwani mara nyingi mpango huvunjika na riba ya zamani hurejea.

Na ajihadhari na wale wanaompigia simu wakimwambia aache kulipa kabisa ili wao wapatane na benki kwa niaba yake. Kuacha huko ndiko kunakoleta madoa. Tangu mwaka 2010 sheria ya Marekani yawakataza wauzao huduma hiyo kwa simu kuchukua ujira kabla deni halijapatanishwa, na bado wapo wanaouomba mbele. Kuna vyama vya ushauri visivyotafuta faida, ambavyo hupokea malipo mamoja ya mwezi na kuyagawa kwa wadai. Hivyo ni afadhali.

Barua ya pili ilitufikia baada ya Idi. Yumo katika mwezi wa sita wa mpango wake, na baada ya malipo matatu mfululizo benki iliirudisha hesabu yake iandikwe kuwa inalipwa kwa wakati, ingawa doa la zamani limebaki mahali pake. Mwenye nyumba mwingine amemkubali kwa amana ya miezi miwili. Mama yake bado hajui lolote. Ametuomba tusimwambie, nasi mpaka leo hatujamwambia.