Watumwa wa Barbados na uhuru usiokuwa na ardhi

Majuzi mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alinijia ofisini akiwa na zoezi lake la tafsiri mkononi. Alikuwa akitafsiri makala kuhusu historia ya Barbados, na neno moja lilikuwa limemkwaza. Makala hayo yalieleza kuwa sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kutumika mwaka wa 1834, watumwa wa kisiwa hicho hawakuachwa huru moja kwa moja, bali walifanywa "wanagenzi". "Mwalimu," akaniuliza, "mwanagenzi si mtu anayejifunza kazi? Hawa walikuwa wakijifunza nini?"

Nilimwambia kuwa tafsiri yake ilikuwa sahihi. Uongo ulikuwa katika lugha aliyoitafsiri.

Barbados ni kisiwa cha kilomita mraba 430 hivi, yaani hakifikii Kaunti ya Nairobi kwa ukubwa. Walowezi wa Kiingereza walitia nanga huko mwaka wa 1627, wapatao 80, pamoja na Waafrika kumi hivi waliotekwa njiani. Walianza na tumbaku na pamba, wakitumia vibarua wa mkataba kutoka Uingereza, Scotland na Ireland. Tumbaku yao ilikuwa duni na bei ikaporomoka. Katika miaka ya 1640, kwa maarifa yaliyotoka Brazil na mikopo ya wafanyabiashara wa Kiholanzi, wakageukia miwa.

Richard Ligon, Mwingereza aliyefika huko mwaka wa 1647 na baadaye kuandika kitabu, anasimulia habari za shamba moja la ekari 500. Kabla ya sukari, shamba zima lingeweza kununuliwa kwa pauni 400. Alipofika, nusu yake tu iliuzwa kwa pauni 7,000. Mkulima mdogo angebakia vipi katika soko la namna hiyo? Ardhi iliwaangukia matajiri wachache, misitu ikafyekwa, na meli zikaanza kuleta Waafrika kwa maelfu. Mwaka wa 1661 baraza la kisiwa lilitunga sheria ya kuwatawala watumwa, sheria ambayo Jamaica iliinakili miaka mitatu baadaye. Nayo Serikali ya Kifalme haikukosa fungu lake: tangu mwaka wa 1663 hadi 1838 ilitoza ushuru wa asilimia nne na nusu kwa mazao yaliyosafirishwa kutoka kisiwani.

Sasa turejee kwenye swali la mwanafunzi wangu. Muwa ukishakatwa haungoji. Usipokamuliwa upesi, maji yake huchacha. Kwa hiyo wakati wa mavuno vinu vya upepo vilizunguka usiku na mchana. Maji ya miwa yalipelekwa katika nyumba ya kuchemshia, yakahamishwa kutoka sufuria kubwa ya shaba hadi ndogo, na ndogo zaidi, huku uchafu ukienguliwa. Katika sufuria ya mwisho palikuwa na nukta moja tu ya kuepua. Ukiwahi, sukari haigandi, ukichelewa, inaungua. Aliyeijua nukta hiyo, kwa jicho na kwa uzoefu, aghalabu alikuwa mtumwa. Faida ya mwaka mzima ilikuwa mikononi mwake. Mtu huyu, aliyekuwa fundi wa mafundi, ndiye sheria ya mwaka wa 1834 iliyemwita mwanagenzi, ikamtaka afanye kazi hadi saa 45 kwa juma bila malipo.

Kuna na neno la pili, nalo ni fidia. Katika Kiswahili, fidia ni mali itolewayo kumkomboa mateka, au alipwayo mtu aliyedhulumiwa. Bunge la Uingereza lilitenga pauni milioni 20 za fidia, kiasi kilichokaribia asilimia 40 ya matumizi ya serikali hiyo kwa mwaka. Barbados, iliyokuwa na watumwa zaidi ya 80,000, ilipata karibu pauni milioni 1.7. Zote walilipwa wenye watumwa. Mateka hakupewa hata senti. Aliyelipwa ni aliyemteka. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa, na deni hilo lilimalizika kulipwa mwaka wa 2015.

Uanagenzi ulikomeshwa tarehe 1 Agosti 1838. Huko Jamaica wengi waliweza kukimbilia milimani na kuanzisha vijiji vyao. Barbados hapakuwa na pa kukimbilia, kwa kuwa karibu kila shubiri ya ardhi ilikuwa na miwa. Sheria ya mwaka wa 1840 ilimruhusu mfanyakazi kukaa katika ardhi ya shamba mradi tu alifanyie kazi shamba hilo, akigoma, hufukuzwa. Ndipo watu wakabuni nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe bila msingi, ambayo iliweza kubomolewa, kupakiwa mkokotenini na kusimamishwa kwingine. Watalii huzipiga picha nyumba hizo na kuzisifu kwa urembo. Mimi huziona kama hati ya kisheria iliyoandikwa kwa mbao.

Wachache walijinunulia viwanja kwa fedha walizochuma Panama, ambako karibu watu 20,000 wa kisiwa hicho waliandikwa kwa mkataba kuchimba mfereji kati ya 1904 na 1914. Waliosalia waliendelea kuwa wapangaji. Wanafunzi wa fasihi watamkumbuka mzee Pa katika riwaya ya George Lamming ya mwaka wa 1953, *In the Castle of My Skin*, ambaye ardhi iliuzwa chini ya miguu yake naye akaishia katika nyumba ya maskini. Uhuru wa bendera ulipatikana mwaka wa 1966, lakini wapangaji wa mashambani walingoja hadi 1980 ndipo sheria ikawapa haki ya kununua viwanja walivyokalia, kwa senti kumi kwa kila futi mraba.

Mwanafunzi alinisikiliza, kisha akauliza kama mambo haya yalitokea huko tu. Nikamtajia sheria ya mwaka wa 1907 iliyokomesha utumwa katika pwani yetu, ambayo nayo iliwafidia wenye watumwa, na ile ya 1918 iliyomtaka skwota katika mashamba ya walowezi afanye kazi siku 180 kwa mwaka. Nilimshauri aliache neno "mwanagenzi" katika tafsiri yake, ila alizungushie alama za mtajo.

Alikusanya karatasi zake. Akiwa mlangoni akaniambia kuwa kwao Kilifi, nyanya yake hupanda mahindi na mihogo peke yake. Mnazi au mwembe mwenye shamba hamruhusu kupanda, kwa sababu mti ukishakomaa humpa aliyeupanda neno la kudai.