Sadaka Hii ni ya Nani?

Ibada ikisha kumalizika katika sharika nyingi za Kilutheri za Temeke na Kinondoni, watu hawatawanyiki upesi. Hukusanyika uani, na mzee wa kanisa hunyanyua juu kuku aliyefungwa miguu, au mkungu wa ndizi, au trei ya mayai, akaanza kunadi. Pengine mnunuzi akisha kulipa humrudisha kuku yule anadiwe tena, na kuku mmoja akaleta bei ya kuku watatu. Mgeni huona kama mchezo. Kumbe kuku yule ni sadaka ya mtu asiyekuwa na fedha taslimu, na kwa mnada huo utoaji wake hauaibishwi mbele ya noti za wenye mishahara.

Desturi hii ina asili ya shamba, ambako sikukuu ya mavuno ni ya mavuno kweli. Mavuno ya mfanyakazi wa mjini ni mshahara wa mwisho wa mwezi, au faida ya genge la mchicha, na fedha hizo zina wenyewe wengi kabla hazijafika mfukoni: kodi ya chumba, nauli, unga, sare na madaftari ya watoto. Hapo ndipo penye taabu.

Katika mtaa mmoja wa Temeke nilikopata kukaa, jirani yangu alisimama mbele ya washarika akaahidi mifuko kumi ya saruji kwa ujenzi wa kanisa. Alipigiwa makofi. Mkewe alizisikia habari hizo papo hapo, pamoja na watu wengine. Mwezi ule mama huyo alikuja kwetu mara mbili kuazima unga. Hakumlaumu mumewe, aliuliza tu, sadaka ile ilikuwa ya nani.

Wahubiri hupenda kumtaja mjane wa Marko sura ya 12, aliyetia sarafu zake mbili katika sanduku la hazina. Ni haki yao, maana Bwana mwenyewe alimsifu. Lakini mjane yule alitoa kilichokuwa chake. Tukirudi nyuma hadi sura ya 7 ya kitabu hicho hicho, Yesu anawakemea wanaoiita mali yao Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, huku wakiwaacha wazazi wao bila msaada. Mahubiri juu ya mjane nimeyasikia mara nyingi mno. Juu ya Korbani, kwa nadra. Na Mathayo 5 humwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Sioni kwa nini ndugu huyo asiwe mke.

Hayo hayamzuii mtu kutoa. Kanisa la Azania Front, pale bandarini, lilijengwa na Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na wenyeji wakalazimika kuubeba mzigo. Makanisa mengi ya pembezoni mwa jiji yamesimama kwa saruji ya makarani, mafundi cherehani na mama lishe. Bila wao yasingekuwapo.

Ipo nyumba moja Kinondoni ambayo bahasha ya sadaka hujazwa Jumamosi usiku, baba na mama wakiwa mezani pamoja. Mwezi wa kununua sare bahasha huwa nyembamba, wala hawaoni haya. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, fedha yaweza kumtoka mtu akiwa kitandani, mwenzake asijue mpaka salio limekwisha. Wao hata wakitoa kwa simu huiweka mezani kwanza. Watoto nao hupewa sarafu. Yule mdogo huishika shilingi mia yake njia nzima, hakubali kubebewa, na inapotumbukia kikapuni imekwisha kuwa ya moto.