TAA YA PIKIPIKI IWAKAYO NA KUZIMIKA

Jinsi ya kuitafuta hitilafu bila kununua vitu visivyohitajika

Taa ya pikipiki iliyokufa kabisa haina hatari kubwa, kwani mwenyewe huiona mapema, naye huahirisha safari mpaka asubuhi. Taa ya hatari ni ile iwakayo vizuri nyumbani, ikazimika njiani, kisha ikawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni karibu meta 17 kwa kila sekunde. Basi taa ikizimika kwa sekunde tatu tu, mwendeshaji na abiria wake wamekwenda meta 50 gizani, na katika meta hizo huenda yumo mtu aendaye kwa miguu, au ng'ombe, au lori lililoharibika likaachwa barabarani bila alama yoyote. Kazi ya bodaboda, ambayo hapo kwanza ilikuwa kazi ya baiskeli huko mpakani Busia, siku hizi hufanywa kwa pikipiki na huendelea hadi usiku. Kwa hiyo jambo hili lawahusu watu wengi.

Aghalabu mwenye pikipiki hukimbilia dukani kununua balbu. Huitia, taa huwaka, naye hufurahi kwa muda wa siku mbili. Ukweli ni kwamba alipokuwa akiitia balbu mpya alizisukuma ndimi za shaba zilizomo katika soketi, zikagusana vizuri tena kwa kitambo. Balbu ya zamani haikuwa na kosa lolote. Walakini balbu yenyewe isisahauliwe: uzi mwembamba ulio ndani yake huweza kukatika na bado ncha zake zikagusana, hata pikipiki ipitapo shimoni zikaachana. Itolewe, itazamwe kwenye mwanga, igongwe polepole kwa ukucha. Uzi ukionekana kucheza, balbu hiyo itupwe. Na ikiwa ni ya aina ya halojeni, kioo chake kisishikwe kwa vidole vitupu, maana mafuta ya mkono hukichoma kioo kikipata moto.

Yafaa msomaji aielewe njia ya umeme. Katika pikipiki ambazo taa yake hutumia betri, umeme hutoka kwenye betri, hupita katika fyuzi, kisha swichi ya ufunguo, kisha swichi ya taa iliyo kwenye usukani, kisha swichi ya kubadili mwanga mrefu na mfupi, ndipo ufike kwenye balbu. Kutoka hapo hapana budi urudi kwenye betri kwa waya mwingine, ambao mafundi huuita eathi. Njia ikilegea mahali pamoja tu, taa hucheza. Katika pikipiki nyingine ndogo, hasa za zamani, taa ya mbele haipati umeme wa betri hata kidogo, bali hupata umeme utokao moja kwa moja katika koili za injini. Taa ya namna hiyo hufifia injini ipungukapo mwendo na kung'aa iongezwapo. Hiyo ndiyo tabia yake, wala si ugonjwa.

Kabla ya kushika bisibisi, mwenyewe na ajiulize taa huzimika wakati gani, maana jibu la swali hili ni nusu ya kazi. Ikizimika usukani ukatwapo upande mmoja, waya umekatika ndani ya ngozi yake pale penye shingo ya pikipiki, mahali ambapo nyaya hukunjwa maelfu ya mara. Ikizimika penye matuta na mashimo, ashuku soketi ya balbu, viungio vilivyo nyuma ya taa, na ncha za betri. Ikizimika baada ya mvua au baada ya kuoshwa, maji yameingia katika swichi. Ikiwa mwanga mrefu huwaka daima lakini mfupi hupotea, basi fyuzi na betri hazina lawama. Kosa lipo katika swichi ya kubadili, au katika balbu, au katika waya mmoja uendao baina yake. Na ikiwa honi na indiketa hufa pamoja na taa, asihangaike mbele kabisa: aanze kwenye betri, fyuzi na swichi ya ufunguo.

Kisha jaribio lifanywe pikipiki ikiwa imesimama juu ya stendi yake, gia ikiwa huru, na nje ya nyumba, kwa sababu moshi wa injini huua watu chumbani. Taa iwashwe. Usukani uzungushwe polepole kutoka kushoto hadi kulia. Nyaya zishikwe na kutikiswa, kipande baada ya kipande, bila haraka. Swichi zibonyezwe nusunusu. Kichwa cha taa kigongwe kwa kiganja. Mahali ambapo taa itastuka ndipo pa kufungua. Ni kazi ya robo saa, na mara nyingi huokoa fedha nyingi.

Wenye mita ya kupimia umeme waangalie sana jambo moja. Mita hutumia umeme mdogo mno, hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12 kamili. Lakini balbu ya wati 35 huhitaji karibu ampea 3, na uzi mmoja hauwezi kuzipitisha. Kwa ajili hiyo upimaji ufanywe taa ikiwa imeunganishwa na inawaka: kwanza kwenye betri, kisha nyuma ya balbu. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unapotelea. Volti moja na nusu zikipotea, mwanga hupungua kwa kadiri ya theluthi moja. Asiye na mita aunganishe balbu ya indiketa na nyaya mbili ndefu. Chombo hicho cha bei ndogo hutosha kwa kazi nyingi, tena hakidanganyi upesi kama mita.

Eathi husahauliwa kuliko vitu vyote. Ikiwa taa ni ya betri, waya mzuri utolewe kwenye ncha ya kutoa ya betri mpaka kwenye waya wa eathi wa taa. Taa ikitulia, kosa limepatikana: boliti limelegea, au rangi na kutu vimeingia kati ya waya na chuma cha fremu. Pakwanguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae, pakazwe, pakapakwe grisi kidogo. Rangi za nyaya zisimdanganye mtu: katika Honda eathi kwa desturi ni ya kijani, katika Yamaha ni nyeusi.

Swichi hufunguliwa kwa uangalifu, maana ndani yake kuna springi na kijigololi virukavyo na kupotea majanini. Shaba zake zisafishwe kwa spiriti na brashi ya meno. Waya uliokatika penye shingo usisokotwe kwa vidole na kufungwa kwa utepe. Utakatika tena kabla ya mwezi kwisha. Kipande chote kiondolewe, kitiwe waya mpya ulio laini, wenye urefu wa kutosha ili usukani ukatwapo usivutike, na kiungio chake kiwekwe mbali na mahali pa kukunjwa, kwani risasi huufanya waya kuwa mkavu.

Kuna tiba mbili ambazo ni mbaya kuliko ugonjwa. Ya kwanza ni kutia msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Siku waya utakapogusa fremu, nyaya zitaungua chini ya tenki la petroli. Ya pili ni kutia balbu ya gari ya wati 55 au 60 mahali pa ile ya 35. Hiyo huvuta karibu ampea 5, na soketi ya plastiki iliyotengenezwa kwa ampea 3 huyeyuka.

Ikiwa balbu huungua moja baada ya nyingine, hilo ni shauri jingine. Volti za betri zipimwe injini ikienda kwa nguvu: zikipita 15, regyuleta haizuii umeme tena, nayo haitengenezeki bali hubadilishwa. Lakini kabla ya kuinunua, soketi yake na eathi yake vitazamwe kwanza.