Wanakesha ili Ndege Ifike Salama

Ndugu msomaji, huenda umewahi kutoka nje usiku ukasikia mlio wa ndege juu ya kijiji chako. Ukatazama juu, ukaona taa ndogo ikiwaka na kuzima. Ndege ikapita, nawe ukarudi kulala. Je, ulijiuliza ni nani anayejua ndege ile iko wapi gizani?

Yuko mtu anayejua. Wewe umelala, yeye yuko macho. Jijini Dar es Salaam kuna kituo cha kuongozea ndege. Kituo hiki kiko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Hakifungwi usiku wala sikukuu.

KAZI YA ZAMU

Wafanyakazi wa kituo hiki huitwa waongozaji ndege. Mwongozaji hukaa mbele ya kioo kinachofanana na televisheni. Kioo hicho hupata habari kutoka kwenye rada. Rada ni chombo kinachotuma mawimbi ya redio angani. Mawimbi yakigonga ndege hurudi, na ndege huonekana kwenye kioo kama alama ndogo. Rada za kazi hii ziko Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe.

Mwongozaji huzungumza na rubani kwa redio. Humwambia aruke juu kiasi gani na apite njia ipi, ili ndege zisigongane.

Kazi hii huchosha akili, kwa hiyo watu hupokezana zamu. Anayetoka haondoki mpaka amweleze anayeingia: ndege ngapi ziko angani, ipi ina shida, na mvua kubwa iko wapi. Mambo muhimu huandikwa pamoja na saa yake, maana neno lisiloandikwa husahaulika. Saa yenyewe ni moja kwa vituo vyote vya dunia. Kwako ikiwa saa 9 usiku, saa hiyo ya dunia ni saa 6 usiku.

NDEGE IKINYAMAZA

Jambo linalowatia hofu waongozaji ni ukimya. Nchi nyingi duniani zimekubaliana hatua 3 za kufuata ndege isiposikika.

Hatua ya kwanza ni ya mashaka. Rubani alipaswa kutoa habari, hakutoa, na dakika 30 zimepita. Waongozaji humwita tena. Huuliza viwanja vingine na ndege zilizo karibu naye.

Hatua ya pili ni ya tahadhari. Wameuliza, lakini hakuna jibu. Hatua hii huanza pia kama ndege iliruhusiwa kutua, na dakika 5 baada ya muda wake haijatua wala haisikiki.

Hatua ya tatu ni ya hatari. Sasa ndege huhesabiwa kuwa imepatwa na jambo kubwa. Waokoaji huitwa na msako huanza. Dalili za hatari zikiwa wazi tangu mwanzo, waongozaji hawangoji dakika hizo zipite.

Rubani naye ana njia za kuomba msaada. Anaweza kuweka namba kwenye chombo chake, na namba hiyo huonekana kwenye kioo cha mwongozaji. Namba 7700 maana yake ni hatari. Namba 7600 maana yake redio imeharibika. Namba 7500 maana yake ndege imetekwa nyara. Hivyo rubani aliyetekwa huweza kutoa habari bila kusema neno.

WAVUVI WA BUKOBA

Sasa utasema, mimi mkulima haya yananihusu nini? Kumbuka Jumapili, tarehe 6 Novemba, 2022. Asubuhi hiyo ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu na kiwanja cha ndege cha Bukoba. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndani walikuwamo watu 43.

Watu wa kwanza kuifikia ndege walikuwa wavuvi. Walikwenda na mitumbwi yao, wakasaidia kuwatoa watu. Watu 24 walipona. Watu 19 walifariki. Kituo cha mbali huweza kujua kwamba ndege haipo, lakini mkono wa kwanza kumfikia majeruhi huwa ni wa jirani.

WEWE UFANYE NINI?

Ukiona ndege inaanguka, au inaruka chini sana huku ikitoa moshi, fanya haya:

1. Tazama saa, na kumbuka ndege ilielekea upande gani.

2. Piga simu polisi, namba 112, au Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Kama huna simu, kimbilia kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji.

3. Taja kijiji, mto au mlima ulio karibu.

4. Saidia majeruhi kama unaweza bila kujiangamiza. Usiwashe moto wala sigara, kwani mafuta ya ndege huwaka.

5. Usichukue kitu chochote. Hata kipande kidogo cha bati huweza kuwaonyesha wachunguzi kwa nini ndege ilianguka.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Andika namba 112 na 114 ukutani, watoto nao wazione. Wenzetu wanakesha Dar es Salaam. Sisi tuwe macho yao kijijini.