Mirihi na Barafu Zake Mbili

Atazamaye Mirihi kwa darubini njema, wakati sayari hiyo inapotukaribia, huona juu ya wekundu wake doa jeupe kwenye ncha, ambalo hukua wakati wa kipupwe na kupungua wakati wa kiangazi; na kwa dalili hiyo William Herschel, mwanafalaki wa Uingereza, alikata shauri mwaka 1784 ya kuwa weupe ule ni barafu na theluji, mithili ya ile iliyoko katika ncha za dunia yetu.

Rai hiyo ilitikiswa mwaka 1966, pale Robert Leighton na Bruce Murray wa Marekani walipopiga hesabu ya joto la Mirihi wakabaini kwamba baridi ya ncha zake yatosha kuigandisha hewa yenyewe. Maana hewa ya huko, kwa sehemu 95 katika 100, ni hewa ya ukaa, nayo ikifikia nyuzi 125 hivi chini ya sifuri huwa barafu papo hapo, pasipo kuwa kiowevu kwanza. Tafakari ajabu hiyo: kila mwaka wa Mirihi kadiri ya robo ya hewa yote hushuka ardhini ikaganda, kisha jua lirejeapo huinuka tena, hata mgandamizo wa hewa ukapanda na kushuka katika sayari nzima.

Hata hivyo Herschel hakukosea kabisa. Vyombo vya Viking, vilivyoanza kuizunguka Mirihi mwaka 1976, vilipima barafu ya kaskazini wakati wa kiangazi vikaikuta katika nyuzi karibu 70 chini ya sifuri, joto ambalo ukaa ulioganda hauwezi kulistahimili. Basi ile haikuwa ila maji. Kusini shaka ilidumu zaidi, kwa kuwa huko ukaa hubaki mwaka mzima, mpaka mwaka 2003 Shane Byrne na Andrew Ingersoll, kwa kuyachunguza mashimo ya mviringo yaliyomo katika barafu hiyo, walipodhihirisha kuwa ukaa ule ni shuka tu, unene wake mita 8 hivi, iliyotandikwa juu ya barafu ya maji. Rada ya chombo Mars Express ikatoa kipimo mwaka 2007: tabaka za kusini, zilizochanganyika na vumbi kidogo, zafika kina cha kilomita 3.7, na maji yake, lau yangeyeyuka, yangeifunika Mirihi yote kwa kina cha mita 11.