Jiwe Lililomo Birikani

"Ami, mbona birika letu jeupe ndani? Nani kalipaka chokaa?"

Swali zuri hilo, mwanangu! Anayechungulia ndani ya birika ndiye anayejua mengi. Hakuna aliyelipaka. Lakini umesema kweli, ile ni chokaa. Hebu tulisikilize Birika lenyewe.

"Mimi ni birika la mjini Unguja," likasema. "Kila asubuhi natiwa maji ya mfereji. Kila asubuhi natelekwa. Maji huenda zake, jiwe hubaki. Leo kidogo, kesho kidogo, mpaka nikaota gamba."

Jiwe? Limeingiaje kwenye maji?

Tuyafuate maji tangu yakiwa mvua. Mvua ya masika ikinyesha, huchukua hewa ukaa angani, ile hewa tunayoitoa tukipumua. Ikizama ardhini hukuta nyingine nyingi zaidi, penye mizizi na majani yanayooza. Hapo maji hupata uchachu kidogo sana. Ulimi wako hausikii. Jiwe linausikia.

Na chini ya miguu yetu kuna jiwe gani? Jiwe la matumbawe! Zamani sana lilikuwa baharini. Wanyama wadogo wadogo walijijengea nyumba za chokaa. Wakafa, nyumba zikabaki, zikashikana, zikawa mwamba. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa jiwe hilo, na wazee walilichoma wakapata chokaa ya kujengea na kupaka kuta.

Maji hupenya kwenye mwamba huo yakiula. Leo kidogo, kesho kidogo. Ndivyo yanavyochimbika mapango kama lile la Mangapwani, lenye maji baridi ndani yake. Kisha maji hutokeza kwenye visima na chemchemi. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Hadi leo, maji mengi tunayotumia Unguja hutoka chini ya ardhi.

"Lakini Ami, nikikinga maji kwenye gilasi jiwe silioni!"

Na sukari kwenye chai unaiona? Ikishakorogwa haionekani, lakini imo. Jiwe nalo limo vivyo hivyo. Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Wataalamu huyahesabu kuwa magumu sana yakizidi miligramu 180 za chokaa katika lita moja.

"Basi kwa nini birikani linaonekana?"

Kwa sababu ya moto. Maji yakichemka, hewa ukaa hutoroka. Ikishatoroka, maji hayawezi tena kulibeba jiwe lote. Hulitua papo hapo, kwenye chuma cha birika. Na gamba likiwa nene, moto hupenya kwa taabu. Gesi, mkaa au umeme hutumika zaidi kwa chai ileile.

"Na sabuni je? Mama anasema sabuni inakataa."

Mama yuko sahihi. Chukua kipande cha sabuni ya mche, ukisugue kwenye beseni. Badala ya povu utaona vipande vyeupe vinavyonata, vikielea. Sabuni imekamatana na chokaa. Mpaka chokaa yote ishikwe, povu halitoki, na sabuni inakwisha bure. Vipande hivyo hushika nguo, zikakakamaa. Bafuni nako, matundu ya bomba la mvua huziba moja baada ya jingine. Jikoni, maharage hukawia kuiva. Bibi akitia magadi kidogo, anajua anachofanya: magadi huiondoa chokaa kwenye maji na kulainisha maharage.

"Ami, je, maji haya yanadhuru tumboni?"

Hapana, ugumu wenyewe haudhuru. Chokaa ile ina madini ambayo mifupa na meno yako huyahitaji. Maji ya kunywa tunayachemsha ili kuua vijidudu, si kwa kuliogopa jiwe. Kwa hiyo tusiyachukie maji yetu, wanangu. Tuyajue, tuishi nayo kwa akili.

Birika likasema, "Nami nitibuni basi!"

Dawa yake imo kapuni. Litie maji na siki, au kamulia ndimu kadhaa. Utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye gamba. Unajua ni nini? Ni hewa ukaa, inatoka kwenye jiwe! Liache mpaka gamba lilegee, sugua, kisha suuza vizuri. Na mvua ikinyesha, ikishasafisha paa, kinga maji kwenye ndoo uyafulie. Hayajapita kwenye jiwe, kwa hiyo povu litajaa beseni.

Usiniamini mimi tu. Chukua chupa mbili. Moja itie maji ya mvua, moja maji ya mfereji, kiasi kilekile. Kila moja itie sabuni ya mche iliyoparuzwa, kiasi kilekile. Funga, tikisa, tazama. Hivyo ndivyo wanasayansi wanavyofanya, na wewe umeshaanza kuwa mmoja wao.

Sasa zamu yangu kuuliza. Birika linalochemshiwa maji ya mvua peke yake, mwaka mzima, litaota gamba? Fikirini vizuri, mnijibu pamoja na sababu.